Siku Kompyuta ya Lusweti Ilipookoka

Lusweti alipookoka, wa kwanza kupata habari walikuwa watu wa kiwandani, maana alirudisha spana. Ilikuwa spana namba kumi na tatu, aliyotoka nayo miaka sita iliyopita ndani ya soksi, na pamoja nayo jozi mbili za glavu na kufuli moja ambalo hata yeye hakukumbuka alilitoa mlango gani. Mtunza stoo wa kile kiwanda cha mabeseni aliviangalia vitu vile juu ya meza yake, akamwangalia Lusweti, kisha akafungua droo kutafuta fomu. Fomu ya kuazima ilikuwepo. Fomu ya vilivyopotea ilikuwepo. Fomu ya mwizi anayejileta mwenyewe saa mbili asubuhi akiwa amechana nywele haikuwepo.

"Wewe enda tu kazi," mtunza stoo akamwambia. "Hii maneno yako italeta ukaguzi hapa."

Watu wa ushirika wa uamsho ndivyo walivyo, na kama hujawahi kuishi karibu nao shukuru, au sikitika, vyovyote utakavyo. Kwao kuokoka si kuinua mkono kanisani kisha ukarudi nyumbani kula chapati. Ukiokoka unarudisha. Uliiba kuku wa jirani mwaka wa tisini na mbili, unapanda gari kwenda kijijini na kuku kwapani. Ulimsengenya dada fulani, unamwendea na kumwambia, "Dada, nilikusengenya," hata kama mwenyewe hakuwa na habari na angelala vizuri zaidi bila kuambiwa. Hilo wanaliita kutembea nuruni, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana walikutana mtaa wa Mowlem, sebuleni kwa Mama Teresiah, ili kila mtu atoe chake.

Mama Teresiah alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mfupi, mkarimu wa chai, na macho yake ukiyakwepa yanakungoja mlangoni. Siku Lusweti aliposimulia habari za spana, ushirika mzima ulimsifu Bwana. Mama Teresiah naye alimsifu, akaweka kikombe chini.

"Ndugu Lusweti, tumeshukuru kwa spana," alisema. "Na ile mashine yako ya nyimbo? Ndani yake hakuna cha mtu?"

Hapo inabidi nieleze kuhusu mashine. Siku za kazi Lusweti alikuwa fundi wa mitambo kiwandani. Jioni na wikendi alikuwa prodyuza, mtu wa kurekodi nyimbo za watu. Aliishi mtaa wa Pipeline, orofa ya nne, na mkewe Beldina na binti yao Everline, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo nusu ya kimoja ilikuwa studio. Beldina aliuza makoti ya mitumba, yale mazito ya Ulaya ambayo Nairobi hununuliwa Julai tu, na yaliyobaki aliyatundika ukutani pande zote ili yameze mwangwi. Ukiingia mle ulidhani umekuta foleni ya wazungu wasio na vichwa. Lakini sauti iliyotoka mle ilikuwa safi, na kwaya nyingi za Embakasi zilipanda zile ngazi.

Lusweti alifungua mdomo aseme hakuna cha mtu. Kisha akaanza kuhesabu. Windows yenyewe aliwekewa na jamaa mmoja wa mjini, na kila siku ilimwandikia kwenye kona ya kioo kwamba si halali, naye akayazoea maandishi yale kama mtu anavyozoea ufa wa ukutani. Programu ya kurekodia ilikuwa imekrakiwa, yaani imevunjwa kufuli ili itumike bila kulipiwa. Sauti za ngoma, vinanda na tarumbeta zote zilikuwa zimekrakiwa. Hata ile dawa ya kunyoosha sauti, inayomkamata mwimbaji aliyeteleza na kumrudisha kwenye noti yake, ilikuwa imekrakiwa, na aliyeikraki alikuwa ametia humo muziki wake mwenyewe wa kujipongeza.

"Mama," alisema polepole, "ndani ya ile mashine, zangu ni nyaya peke yake."

"Basi rudisha," akasema Mama Teresiah, na kumwongezea chai.

Spana unaishika mkononi. Programu je? Lusweti aliumia kichwa juma zima. Mwishowe aliiandikia barua pepe ile kampuni ya ng'ambo iliyotengeneza programu, kwa Kiingereza chake chote, akaungama miaka kumi na mmoja ya wizi na kuomba msamaha katika jina la Yesu. Beldina alisoma akiwa nyuma ya bega lake.

"Baba Everline, watu wengine hukamatwa," alisema. "Wewe unajipeleka, na namba ya simu umeweka."

Jibu lilikuja baada ya sekunde nne. Walimshukuru kwa kuwasiliana nao, wakampa namba ya ombi lake, arobaini na nane elfu na ushei, na wakamwomba aikadirie huduma yao kwa nyota. Lusweti aliwapa nyota tano. Jumapili iliyofuata aliisoma barua ile mbele ya ushirika, ukazuka mjadala. Ndugu mmoja alisema huo ni msamaha, maana wameshukuru. Mwingine alisema kompyuta haina mamlaka ya kusamehe dhambi. Mama Teresiah ndiye aliyekata shauri: kukiri amekiri, sasa atoe vitu vya watu nyumbani mwake.

Ndipo alipokwenda kwa Idil. Idil Magan alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na steji ya matatu ya Pipeline, na hapakuwa na mashine ambayo hajaifungua kifua. Aliinua macho kutoka kwenye ubao wa kompyuta aliokuwa akiulehemu.

"Niaje prodyuza. Imekufa tena?"

"Haijakufa. Nataka iokoke."

Idil aliweka chuma chini akasikiliza hadithi nzima, kutoka spana hadi nyota tano, na kwa heshima ya dini za watu hakucheka mpaka mwisho. Kisha akachomoa flashi kwenye mkebe. Ndani yake, alisema, kuna Linux, mfumo wa bure wa kukaa mahali pa Windows, na ndani ya Linux kuna programu ya kurekodi inaitwa Ardour, na ngoma, na vinanda, na kila kitu.

"Na wenyewe wanajua tunachukua?" Lusweti aliuliza.

"Wenyewe ndio wameiweka hapo. Wameandika, wakaachilia. Unatumia, unampea jirani, hata ukitaka kuifungua uone ndani, fungua."

"Bila kuiba?"

"Wewe Lusweti umezoea kuiba hadi ukipewa unaogopa." Idil alimshikisha ile flashi, lakini hakuiachilia mara moja. "Sikiza. Hii inafuta kila kitu. Kwanza toa kazi zako zote uweke kando. Zote. Na ikikuuliza kama uko sure, soma, usifinye tu."

"Sawa, sawa," alisema Lusweti, kwa haraka ya mtu ambaye tayari anautunga ushuhuda wake.

Maana wewe na mimi tungeiweka Linux kimyakimya, nyumbani, tukiwa tumevaa ndala. Mtu wa uamsho hawezi. Cha zamani huachwa hadharani. Katika ushirika ule mmoja alikuwa amechoma hirizi, mwingine pakiti sita za sigara, na Mama Teresiah mwenyewe, ujanani, alichoma gauni aliloshonewa na bwana wa mtu. Lusweti hakuwa na cha kuchoma. Alikuwa na Windows.

Jumapili ile aliifunga kompyuta kwa sweta ya shule ya Everline, akapanda nayo bodaboda hadi Mowlem. Walitoa vitambaa vya kufuma juu ya televisheni ya Mama Teresiah, wakaunganisha waya, na watu ishirini na watatu wakaketi kuangalia kioo. Lusweti akawa msomaji na mkalimani.

"Inasema ifute diski nzima iweke Linux."

"Ameni," wakasema.

"Inauliza, je, una hakika? Inasema kila kilichomo kitapotea."

"AMENI!"

Dada mmoja akaanzisha wimbo wa toba, makofi yakashika. Lusweti, machozi yakimtoka na moyo umejaa hadi pomoni, akabonyeza. Mstari ukaanza kutambaa kwenye kioo, nao wakauimbia nyimbo tano. Ulipofika mwisho, Mama Teresiah aliikumbatia ile kompyuta na kuiambia karibu.

Alirudi Pipeline akiwa mwepesi, akapanda orofa nne bila kushika reli. Mlangoni alimkuta Koki.

Koki aliishi orofa ya pili na aliuza nyanya soko la Muthurwa. Kwa midomo ya sokoni alikuwa bingwa. Kwa kuimba, tangu utotoni aliwekwa nyuma ya kwaya, na kila kiongozi wa kwaya aliyemjia alimwacha palepale. Miaka tisa alitamani kurekodi. Hatimaye, kwa miezi miwili, alikuwa amerekodi nyimbo tatu kwa Lusweti, gita likipigwa na binamu yake ambaye sasa alikuwa Qatar akilinda geti. Uzinduzi ulikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kanisani kwao. Watu wa kwao Kitui walikuwa wanakuja na basi zima.

"Baba Everline, nimekuletea kadi yako," alisema Koki, akimpa bahasha yenye utepe. "Na unipigie nyimbo zangu kidogo. Nimetembea na hamu tangu asubuhi."

Lusweti alisimama na kadi mkono mmoja na kompyuta kwapani. Unajua jinsi mtu anavyokumbuka sufuria iko motoni akiwa amefika mjini?

"Koki," alisema. "Nimefuta."

"Umefuta nini?"

"Kila kitu. Mashine ilikuwa ya wizi, nikaiweka nuruni. Nimesahau kuzitoa zako kwanza."

Koki aliitazama ile kompyuta kwapani mwake.

"Kwa hivyo wewe umeokoka na nyimbo zangu," alisema kwa sauti ya chini, yeye aliyezoea kelele.

"Tunaweza kurekodi tena. Kuna wiki tatu..."

"Nitaimba tena na moyo gani? Zile niliimba nikiwa na furaha. Wewe ndiye uliniambia nina sauti, Lusweti. Hakuna mtu mwingine amewahi kuniambia. Sasa wewe unaenda mbinguni, na mimi naenda kuambia watu wa Kitui nini?"

Akashuka ngazi. Hakuichukua kadi.

Jioni hiyo Beldina alimpa chakula bila kumsemesha, na alipomsemesha alimwambia hivi tu: "Spana ya kiwanda ulirudisha. Ya Koki utarudisha lini?" Lusweti aliisukuma sahani kando. Furaha yote ya mchana ilikuwa imegeuka aibu, na aibu ile ilikuwa na uso wa mtu anayemjua.

Kesho yake Kim alimpigia. Kim alikuwa prodyuza mwenzake wa Umoja, mtu wa utani, aliyezipata habari kama anavyozipata zote. Alikuwa na zile programu za zamani kwenye diski, akajitolea kuzileta. "Tumia hizi wiki mbili umalizie mama wa watu, halafu utubu tena. Kwani toba imeisha?" Nitakuwa mkweli: Lusweti alilifikiria jambo hilo alasiri nzima. Kilichomzuia hakikuwa utakatifu. Aliona kwamba akimwendea Mama Teresiah mara ya pili na kosa lilelile, ataambiwa arudishe na nyumba. Tena programu zisingerudisha sauti ya Koki. Akabeba mashine kwenda kwa Idil.

Idil safari hii alicheka kabla, katikati na baada. Alipomaliza akavuta stuli.

"Nilikuambia usome. Sasa sikia. Wewe umechoma daftari la keateka, mwangalizi wa ploti, ile ya kuandika nani anaishi nyumba gani. Lakini wapangaji, yaani mafaili yako, bado wako ndani. Linux imefika imechukua vyumba kadhaa, hao wa hivyo vyumba wameenda. Wengine tukigonga mlango mmoja mmoja, watafungua."

"Programu pia zitarudi?" Lusweti aliuliza kwa hofu.

"Hizo sizitafuti. Natafuta sauti tu. Sauti ni ya Koki, ama pia hiyo uliiba?"

Kazi ya kugonga milango ilichukua siku mbili. Matokeo yalikuwa mafaili elfu moja mia tatu na kumi na mawili, hakuna hata moja lenye jina, namba tupu. Beti ya wimbo wa kwanza, kikohozi, gita, pumzi, nusu ya kiitikio, kiti kikisogezwa. Njia ilikuwa moja: kuyasikiliza yote, na mwimbaji awepo, maana ni yeye tu angejua beti ipi ilikuwa ya wimbo upi.

Lakini Koki alikuwa Muthurwa tangu alfajiri mpaka jua kuzama. Hapo ndipo Mama Teresiah, aliyekwisha kuambiwa yote na Lusweti, alipopanda orofa mbili jioni, akipumzika kila kona, akagonga kwa Koki. Lusweti alikuwa nyuma yake amebeba mkoba wake.

"Mwanangu," alisema Mama Teresiah, "huyu alibonyeza, lakini sisi ndio tuliosema ameni. Hatukuuliza mle ndani mna nani mwingine. Naomba unisamehe."

Koki hakujua aweke wapi mikono yake. Mwanamke wa umri ule, amesimama mlangoni, akimwomba yeye msamaha. "Ingia kwanza unywe maji, mathe," alisema.

Mama Teresiah hakuwa mtu wa kuomba msamaha wa mdomo. Tangu kesho yake, yeye na dada wawili wa ushirika wakashika meza ya Koki kule Muthurwa kwa zamu, ili Koki asikilize mafaili mchana. Waliuza kwa njia ya nuru. Mteja akiokota nyanya, walimwambia, "Hiyo imelainika chini, dada, chukua hii nyingine." Wachuuzi wa jirani walikasirika, wakisema wanaharibiwa soko. Wateja walishangaa siku mbili, siku ya tatu wakapanga foleni.

Lusweti naye alichukua likizo yake ya mwaka. Wiki ya kwanza na Linux ilimtoa jasho. Kwenye ile programu mpya kila waya ulipaswa kuchomekwa kwa mkono, kwenye kioo, huku na huku, na siku ya kwanza aliirudisha maiki kwenye spika. Ukatoka mlio uliomfanya keateka apande mbio akidhani ni king'ora cha moto. Sauti zilichelewa kufika kwenye hedifoni hadi Idil alipokuja kurekebisha. Kisha, siku ya nne hivi, mkono ulianza kuzoea. Ngoma za bure zilikuwa nzuri, ila hakuna iliyomfaa, kwa hiyo alinunua mabeseni matatu pale kiwandani kwao, na risiti akaibandika ukutani, akayarekodi akiyapiga kwa kiganja. Kubwa lilitoa besi ya haja. Alijikuta anatabasamu peke yake katikati ya makoti. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kujua kila sauti ya wimbo imetoka wapi, na sasa alijua zote.

Koki hakutabasamu, mwanzoni. Alikaa kwenye kiti cha plastiki na hedifoni yake, akisema "ya kwanza", "ya tatu", "hiyo ni kikohozi." Lakini ni vigumu kununa siku nyingi huku unajisikiliza ukikosea maneno na kucheka. Kufikia wiki ya pili alikuwa anamletea Lusweti ndizi. Wimbo wa kwanza ukasimama. Wa pili ukasimama. Wa tatu ulibaki na pengo, beti ya pili yote, na Jumanne, siku nne kabla ya uzinduzi, walikuwa wanapekua mafaili ya mwisho wakiitafuta.

Faili la elfu moja mia moja na sita lilianza na beti hiyo. Koki alimshika Lusweti mkono. "Ndiyo hii!" Sauti yake ikapanda mistari miwili, kisha chini huko mtu akaita, "Maji! Maji yamekuja!" Kiti kikaanguka, mlango ukagonga. Ilikuwa siku ya mgao wa maji, na Koki alikuwa ametoka mbio na mitungi yake katikati ya beti.

Koki akaangua kicheko. "Ona mimi! Sikungoja hata kumaliza neno!"

Ndani ya hedifoni, studio tupu iliendelea kurekodi. Simu ikaita.

Lusweti akajua. Hakuwa ameikumbuka simu ile hata mara moja tangu siku hiyo, na sasa aliikumbuka neno kwa neno. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Kubonyeza mara moja tu, aseme hili ni tupu, twende linalofuata, na Koki, ambaye bado alikuwa akijifuta machozi ya kicheko, asingejua maisha yake yote. Aliutaka mno mwisho huo. Alimwona amekaa pale na furaha yake, akaogopa kama ambavyo hajawahi kuogopa mbele ya mtunza stoo wala mbele ya Mama Teresiah. Kisha akatoa mkono kwenye meza na kuuweka mapajani.

"Sema Kim," ilisema sauti yake kwenye hedifoni. "Niko na huyu mama wa nyanya. Zii, hana sauti. Hiyo ni sauti ya kuita wateja. Lakini si unajua mashine itaimba. Nimemwambia ni malaika, akaamini, wacha tu." Kikafuata kicheko kirefu. Kisha mlango, na Koki akihema: "Nimejaza minne! Tuendelee, prodyuza?" Na sauti ya Lusweti, tamu, "Tuendelee, malaika."

Faili likaisha.

Koki alivua hedifoni na kuiweka juu ya meza taratibu, kama kitu kinachovunjika. Chini watoto walikuwa wanacheza kwenye ngazi. Lusweti alisubiri matusi, angeyapokea yote.

"Ungeweza kuizima," Koki alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hao watu wako wa Mowlem, ulisema spana, ukasema kufuli, ukasema programu. Hii hukusema?"

"Hapana."

"Ulificha?"

"Sikuficha, Koki. Sikujua ni dhambi. Kila mtu anayeingia hapa namwambia hivyo. Nilidhani ndiyo kazi."

Koki aliangalia makoti ukutani. Lusweti alitaka kusema nisamehe, akaona kwamba neno hilo alikuwa amelitumia sana mwezi ule, na kwa watu ambao hawakumpotezea usingizi. Akalisema hata hivyo, kwa sauti ndogo.

"Ile dawa ya kunyoosha sauti," Koki alisema, "kwa hii Linux iko?"

"Iko. Ya bure."

"Kwa zile mbili tumemaliza, umeweka?"

"Kidogo."

"Toa."

Lusweti akageukia kioo, akafungua nyimbo mbili, akaitoa kwenye kila mstari huku Koki amesimama nyuma yake akiangalia kila anachobonyeza. Ilichukua dakika kumi. Alipomaliza, Koki alivaa hedifoni, akaingia katikati ya makoti, akajisogezea maiki.

"Hiyo beti naimba upya. Usinirekebishe kitu. Na nikiimba, uniangalie mimi, usiangalie mashine."

Lusweti alibonyeza kitufe chekundu na kugeuza kiti chake. Mabeseni yakapiga mara nne. Koki alivuta pumzi, akaanza chini kidogo ya noti, akaikosa, akaitafuta huku akimkazia macho, na Lusweti akakaa mikono mapajani akamsikiliza mpaka mwisho.